Wazee wanataka nimrithi mke wa marehemu kaka yangu, na mke wangu ni Mjerumani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, nina miaka 41, naishi Mbeya mjini. Mke wangu ni Mjerumani. Tulifunga ndoa bomani miaka 9 iliyopita na tuna watoto 2. Mwezi wa tatu kaka yangu wa tumbo moja alifariki, ameacha mjane na watoto 4 kijijini. Kikao cha ukoo kimeamua mimi ndiye nimrithi shemeji, kwa sababu ndiye ninayemfuata marehemu. Mke wangu aliposikia akasema nikikubali anaondoka na watoto. Wazee wanasema mzungu asituvunjie mila, na kwamba ndoa ya bomani haina ng'ombe wala kanisa, kwa hiyo hainizuii kuoa kimila. Kusema kweli hawajamzoea tangu mwanzo. Siku ya kwanza nilipompeleka nyumbani alimkumbatia baba, na kwenye msiba wa kaka hakulala na akina mama, alirudi kulala mjini. Nampenda mke wangu, na watoto wa kaka siwezi kuwatupa. Je, naruhusiwa? Na nikikataa, nawaambiaje wazee?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mpe pole pia mke wako. Nimeisoma barua yako mara 3 na sijaona mahali mtu alipompa pole, na yeye naye amefiwa na shemeji yake.

Nakujibu kama mtu aliyekaa miaka mingi ofisi ya ustawi wa jamii hapa Mbeya, na kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, nikisikiliza mashauri ya namna hii kutoka Rungwe, Kyela, Ileje, hata Makete. La kwako lina mzungu ndani yake, kwa hiyo kila mtu anaamini tatizo ni uzungu. Mimi siamini hivyo.

Nianze na uliloliuliza kwanza. Hapana, huruhusiwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za aina 2, ya mke mmoja na ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Zilizobaki zote, za kanisani na za bomani, huchukuliwa kuwa za mke mmoja mpaka mtu athibitishe vingine. Na kifungu cha 15 kinasema mwanamume aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga ndoa nyingine. Hakisemi "nyingine ya serikali". Ni nyingine yoyote, iwe ya kanisani, ya msikitini au ya chini ya mgomba kwenu mbele ya wazee. Ukiifunga ni batili tangu siku ya kwanza, hata wakichinjwa ng'ombe 10, na wewe utakuwa umetenda kosa la jinai. Wazee wako wanaiona ndoa ya bomani kama ndoa nyepesi, nusu ndoa, kwa kuwa hawakuona mchungaji wala zizi likipungua. Kwa sheria ni ndoa nzima. Hilo la ng'ombe nalo limesemwa wazi katika kifungu cha 41: ndoa haiharibiki kwa sababu taratibu za mahari hazikufuatwa. Mke wako ni mke, ng'ombe au bila ng'ombe.

Upo mlango mmoja, na nautaja kwa sababu ukienda kwa wakili atakutajia. Kifungu cha 11 kinaruhusu ndoa ya mke mmoja kugeuzwa ikawa inayoruhusu wake wengi. Lakini lazima mume na mke waende wote wawili mbele ya jaji au hakimu, kila mmoja atamke kwamba anakubali kwa hiari yake mwenyewe, iandikwe, na wote watie saini. (Mngekuwa mmefunga kanisani, Wakristo wote wawili, hata mlango huo ungekuwa umefungwa kwa muda wote mnaoendelea kuwa Wakristo.) Mke wako ameshasema atakachofanya ukikubali. Kumbeba mtu aliyesema hivyo na kumpeleka mahakamani aseme "nakubali kwa hiari yangu" ni kumtaka aape uongo, na ndoa iliyofika hapo haina tena cha kugeuza.

Halafu kuna njia ya tatu ambayo hakuna anayeitaja kwenye kikao, na ndiyo wanaume wengi wanayoishia. Hakuna sherehe, hakuna barua. Mtu anakwenda kijijini Ijumaa "kuangalia watoto wa marehemu", anarudi Jumatatu, na baada ya mwaka kuna mtoto wa tano. Nakuomba usiifikirie kabisa. Kuna watu watakwambia mkiishi pamoja miaka 2 sheria inawahesabu kuwa mume na mke. Ni kweli ipo dhana hiyo, kifungu cha 160, lakini haimsaidii mwanamke anayeishi na mwanamume ambaye tayari amefungwa na ndoa ya mke mmoja. Shemeji yako atakuwa amepoteza heshima ya ujane na hajapata haki za mke. Tena mke wako ana haki kisheria ya kumdai fidia mtu aliyezini na mume wake. Maana yake utakuwa umemweka mjane wa kaka yako kizimbani kwa kosa lililoanzia kwenye kikao cha wanaume.

Sasa wazee. Najua umeudhika nao, lakini usiwadharau. Wanachokitetea kilikuwa na akili yake. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika jinsi mali ilivyokuwa ikienda kwa mdogo wa marehemu wa tumbo moja kabla ya kushuka kwa watoto, na wajane wakienda pamoja na mali hiyo. Ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi la ukoo mzima, kwa hiyo mke alikuwa amekuja kwa ukoo mzima. Mume akifa, nyumba yake, shamba lake na watoto wake walibaki na mwenyewe. Hakuna mjane aliyelala njaa kwa sababu mumewe amekufa. Baba yako anapokutazama wewe, anaona kijana wa mwisho aliyebaki wa kuzuia wajukuu 4 wasitawanyike. Hiyo ni hofu ya kweli, na inastahili jibu la kweli. "Mimi ni mtu wa kisasa" si jibu la hofu hiyo.

Na wanaposema mzungu asituvunjie mila, hawasemi hewani. Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Walikuwa Wajerumani. Mwanamume mwenye wake 4 aliyetaka ubatizo aliambiwa abaki na mmoja, wengine waondoke. Mila ilivunjwa kweli, na Wajerumani kweli, na bibi zetu wengine walirudi kwa ndugu zao na mafurushi kichwani kwa sababu ya uamuzi uliofanywa kati ya mume na mchungaji. Hakuna aliyewauliza.

Nakuomba usimame hapo kidogo, maana ndipo ninapoona shauri lako lilipo. Mchungaji aliamua wake wangapi wabaki, bila kuwauliza wanawake. Kikao cha ukoo wako kimeamua mjane aende kwa nani. Na wewe umeniandikia barua nzima: umeniambia kikao kimeamua nini, wazee wanasemaje, mke wako amesemaje. Sijui shemeji yako anasemaje. Hata neno moja. Naamini ni kwa sababu hata wewe hujui.

Miaka kadhaa iliyopita baraza letu lilipokea shauri la ndugu 2 waliokuwa wanagombea nani amrithi mjane wa kaka yao. Mmoja alisema yeye ndiye anayefuata kuzaliwa, mwingine akasema yeye ndiye aliyegharamia jeneza. Walibishana asubuhi nzima. Mjane alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, anaangalia miguu yake. Nikamuuliza, "Mama, wewe unatakaje?" Akakaa kimya muda mrefu, hata mzee mmoja akataka kumjibia, nikamzuia. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kidole. Ilikuwa stakabadhi ya majani ya chai, na jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu. Miezi 3 alikuwa anachuma chai, anapeleka kituoni inapimwa, na fedha anakwenda kuzichukua shemeji mkubwa. Akasema, "Mimi nataka hili jina libadilishwe liwe langu. Basi." Hakutaka huyu wala yule. Alitaka jina kwenye stakabadhi, na kwa siku zote walizokuwa wanagombana hakuna aliyemfungulia mdomo aseme.

Sheria iko upande wake, na upande wa shemeji yako pia. Kifungu cha 68 kinasema hata kama mila inasema vinginevyo, mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Kwa hiyo hata kama wewe ungekuwa kapera leo, kikao kisingekuwa na uwezo wa kukupa mtu mzima kama wanavyokupa shamba.

Na kuna jambo ambalo wazee hawapendi litajwe, nami nalitaja kwa heshima zote za marehemu, bila kumtuhumu mtu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017, mikoa iliyoongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU ilikuwa Njombe, asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Ni sisi, Nyanda za Juu Kusini. Kurithi mjane hapa kwetu bila watu kupima kumeua nyumba mbili kwa msiba mmoja, na nimehudhuria misiba hiyo.

Nirudi kwa mke wako, kwa sababu nadhani humwelewi kama unavyodhani, wala yeye hawaelewi wenu.

Chukua lile la kumkumbatia baba. Kwao, mkwe kumkumbatia baba wa mume si ajabu, ni kuonyesha upendo. Kwetu, mkwe wa kike na baba wa mume hawasogeleani. Bibi yangu alipokutana na baba mkwe wake njiani aliingia migombani, akaficha uso, akangoja mpaka mzee apite. Jina lake hakulitamka hadi anakufa, na hata maneno yanayofanana na jina hilo aliyakwepa. Vijana wa sasa wamelegeza, lakini baba yako ni mzee wa Rungwe. Kwa hiyo siku ile mkeo alipofungua mikono, alikuwa anatoa heshima kubwa kuliko zote anazozijua, na baba yako akapokea aibu kubwa kuliko zote anazozijua. Nani alikuwa anajua pande zote mbili? Wewe peke yako. Ulipaswa kumwambia kwenye gari, kabla hamjafika. Sikulaumu kwa ukali, wengi hufanya hivyo, wanadhani mapenzi yatafasiri yenyewe. Lakini miaka 9 imepita na inaonekana bado hakuna aliyemweleza baba kwamba mkwe wake hakumdharau.

La msiba ni hivyo hivyo. Kwetu mwanamke wa nyumba analala msibani chini kwenye mikeka pamoja na wafiwa. Huko ndiko anakohesabiwa kuwa ni wa nyumba hiyo. Aliyerudi kulala mjini ameandikwa mgeni, hata kama alichangia fedha nyingi. Kwao kwenye msiba watu huwaachia wafiwa nafasi, wanaona kujazana ndani ya nyumba ya mwenye majonzi ni kumsumbua. Alikuwa anawaheshimu kwa kuwaachia nafasi. Wao walimngoja.

Na nina wasiwasi na neno moja. Hapa kwetu wake za ndugu huitana "mke mwenzangu", bila maana yoyote ya uke wenza. Msibani lazima akina mama walimwambia, "Kaa na mke mwenzako, mbembeleze." Mtu aliyejifunza Kiswahili vitabuni anasikia nini? Anasikia kwamba ameshaletewa mke mwenza na amefichwa. Muulize kama alisikia hivyo. Ningekuwa wewe ningemuuliza leo jioni.

Kisha kuna hofu yake ya ardhi, ambayo wanaume huita wivu. Mke wako si raia. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kama mmejenga Mbeya, hati ina jina lako peke yako, hata kama nusu ya bati ni fedha zake. Anaweza kuomba uraia kwa kuwa ni mke wa Mtanzania, lakini Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, atalazimika kuuacha wa kwao. Sasa jiweke mahali pake: hana hati, hana uraia, hana ndugu hata mmoja ndani ya kilomita 6,000, na kikao ambacho hakualikwa kimeamua kuongeza mke mwingine na watoto 4 juu ya nyumba hiyo moja. Kwao kufunga ndoa ya pili juu ya ya kwanza ni kosa la jinai, mtu anaweza kufungwa. Aliposema "naondoka na watoto" alikuwa anasema hana kitu kingine mkononi. Wazee wakasikia tishio, kwa sababu kwetu watoto ni wa ukoo wa baba. Usimjibu tishio kwa tishio. Mambo ya watoto, yakifika mahakamani, hayaamuliwi na ukoo wala na hasira ya mama. Huangaliwa ustawi wa mtoto, na aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mama yake. Lakini hamjafika huko, na hamna sababu ya kufika.

Kwa upande wa nyumba mpe uhakika ulioandikwa. Mwambie kwamba hata kama hati haina jina lake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa hakikuruhusu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yake. Fedha na kazi yake ndani ya mali ya ndoa huhesabiwa. Mahakama ya Rufani ilishaamua tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seifu, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Na andika wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia. Kaka yako naamini hakuandika, ndiyo maana leo mke wake anajadiliwa pamoja na ng'ombe.

Sasa ulilouliza mwishoni, unawaambiaje wazee. Ukienda na kifungu cha sheria mkononi utashinda kikao na kupoteza ukoo. Sheria iweke mfukoni, itoe wakikulazimisha. Nenda na jibu la kile wanachokiogopa.

Lugha yetu yenyewe imeshakupa. Watoto wa kaka yako wanakuitaje? Baba mdogo. Hawakuiti hivyo kwa sababu ulimwoa mama yao, walikuita hivyo tangu wanajifunza kuongea, na baba yao yuko hai. Ubaba wako kwa watoto hao haukupitia kitandani kwa mama yao, na hauhitaji kupitia huko sasa. Waambie wazee hivi, kwa Kinyakyusa chenu, taratibu: "Mimi ni baba wa watoto hawa tangu walipozaliwa. Ubaba siukatai. Mke wa kaka simchukui, kwa sababu nina mke, na kwa sababu yeye mwenyewe hajasema anataka mume." Kisha usiishie hapo, maana hapo ndipo wazee watasema umekwepa. Taja vitu. Sema mkubwa yuko kidato cha ngapi na wewe utabeba nini. Ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha sita, lakini sare, madaftari, nauli na michango ya chakula haijaondolewa, na huko ndiko watoto wa wajane wanakokwamia. Sema nyumba ya kaka itapigwa bati jipya kabla ya masika. Sema utakuja kila mwezi, mchana, na mke wako, na hamtalala kwa shemeji, mtalala kwa mama. Kitu kilichotajwa kwa jina na kwa tarehe mzee anakishika. "Nitawasaidia" wameshaisikia kwa wengi.

Halafu omba kikao kifanye kazi yake halisi, ya mirathi. Kiswahili kimetuwekea mtego hapa, kwa kuwa kumrithi mjane na kusimamia mirathi yanasikika kama jambo moja. Si jambo moja. Msimamizi wa mirathi anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni yake, anawagawia warithi na kuitolea mahakama hesabu. Ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi, unaandika muhtasari wa kikao, na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo vinapelekwa mahakamani. Unaweza kukubali kuwa msimamizi. Vizuri zaidi, pendekeza shemeji yako mwenyewe awe msimamizi, au muwe wawili. Mashamba ya ndizi na ya chai, akaunti, pikipiki kama ipo, vyote viandikwe, kabla ndugu wa mbali hawajaanza kuja "kuchukua kumbukumbu ya marehemu". Nimeona magodoro yakibebwa kwa jina la kumbukumbu.

Usiende kwenye kikao peke yako wala usianzie kwenye kikao. Kwetu jambo likishasemwa mbele ya watu 20 mzee hawezi kurudi nyuma bila aibu. Mtafute kwanza baba mkubwa au mjomba anayesikilizwa na baba yako, mpelekee habari yote jioni nyumbani kwake, pamoja na orodha ya utakayobeba, na umwombe yeye ndiye aipeleke. Akisema yeye, ni ushauri wa wazee. Ukisema wewe, ni maneno ya mzungu yaliyotoka kinywani mwako, na watakuangalia hivyo hata kama umeyatoa moyoni.

Kanisa pia litumie, kama bado uko Moravian. Ukioa mke wa pili utatengwa na Meza ya Bwana, mchungaji wenu anajua na baba yako anajua. Lakini mchungaji asije kikaoni kuamuru. Aje kuomba na wafiwa, akae, anywe chai.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa shemeji. Jumamosi moja, asubuhi, nyote wawili. Mke wako avae kitenge, na kwenye gari mweleze kila kitu ambacho hukumweleza miaka 9: asimsogelee baba, amwamkie kwa mbali, apige goti kidogo kwa mama. Mweleze na habari ya "mke mwenzangu". Mkifika, yeye asikae sebuleni kama mgeni. Amfuate mjane jikoni, achukue kisu, amenye ndizi, hata akimenya vibaya. Mwambie amwambie mjane pole, na kwamba anajutia usiku ule wa msiba, hakujua. Waache huko. Wewe kaa nje barazani na mama yako, mahali kila anayepita anakuona.

Wakishatoka, mbele ya mama yako na mbele ya mke wako, muulize shemeji anatakaje. Muulize na unyamaze, na mama akitaka kumjibia mzuie kwa upole. Atachelewa kujibu. Ngoja. Kisha niandikie alichosema, tuone mirathi inaanzia mahakama gani.